Anayeunga albamu iliyoachwa aonyeshe alipounga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wa burudani, ambamo mwandishi aliwalaumu mashabiki wa muziki wa roki wanaokusanya vipande vya albamu ambazo hazikuwahi kutolewa, wakaviunganisha na kuvisikiliza kana kwamba ni kazi iliyokamilika. Alisema kwamba huko ni kufukua makaburi, na kwamba msanii akishaiacha kazi yake njiani hakuna mwingine mwenye haki ya kuiokota. Mimi ni mmoja wa hao anaowalaumu. Nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, zamani jioni baada ya kutoka kazini na siku hizi mchana kutwa kwa kuwa nimestaafu, na ninaipenda kwa moyo wote. Hata hivyo ninaona kwamba tunastahili lawama kwa jambo ambalo makala haikuligusa, nalo ni kwamba wengi wetu tunaunga sauti za watu halafu tunaficha mahali tulipounga.

Mwandishi alitoa mfano wa Smile, albamu ya bendi ya Beach Boys ya California, lakini aliupitia haraka mno, na ndani ya mfano huo ndimo ulimo mzizi wa mambo yote. Brian Wilson, mtunzi mkuu wa bendi hiyo, aliianza mwaka 1966, mashairi yakitungwa na Van Dyke Parks, kwa njia iliyokuwa ngeni wakati huo. Badala ya kurekodi wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, alirekodi vipande vifupi vifupi, kila kimoja kikiwa na ala zake na hali yake, akikusudia kuvipanga baadaye. Wimbo wa Good Vibrations ulitengenezwa hivyo katika studio nne kati ya Februari na Septemba mwaka huo, ukatoka Oktoba na kushika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza pia. Njia iliyofaa kwa wimbo mmoja ilimwelemea alipoitumia kwa albamu nzima, kwa sababu kila kipande kiliweza kukaa karibu na kingine chochote, na kila alipoongeza kimoja namna za kuvipanga ziliongezeka maradufu. Juu ya hayo palikuwa na mvutano ndani ya bendi kuhusu mashairi, kesi kati yao na Capitol, kampuni iliyotoa santuri zao, kuhusu malipo, na afya ya Wilson mwenyewe iliyokuwa ikizorota. Mwezi Mei 1967 ikatangazwa kwamba albamu imeachwa, na Septemba bendi ikatoa Smiley Smile, ambayo ni kazi nyingine, nyepesi zaidi, iliyorekodiwa upya kwa sehemu kubwa.

Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imekwisha kuchapa majalada kwa mamia ya maelfu. Nyuma ya jalada yaliandikwa majina ya nyimbo 12, pamoja na maelezo mafupi ya kumtaka msikilizaji atazame lebo ya santuri ili apate mpangilio sahihi. Santuri haikutengenezwa, kwa hiyo hapakuwa na lebo ya kutazama. Kuanzia 1967 hadi 2004, yaani miaka 37, kila aliyeupenda muziki huo alikuwa na orodha ya majina isiyo na utaratibu, na vipande vya sauti ambavyo vingine havikuwa hata na jina, vikipita mkono kwa mkono katika kaseti. Mwaka 1993 sehemu yake, kama nusu saa hivi, ilitolewa rasmi ndani ya boksi la CD za bendi hiyo. Jalada lenyewe lilimwachia msikilizaji swali, na sioni ni kwa vipi tuwaite wezi waliojaribu kulijibu.

Mimi nilikutana na vipande hivyo mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa fundi mitambo katika kituo kimoja cha redio hapa Kampala. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi aliniletea kaseti mbili, nakala ya nakala, zenye mvumo mkubwa kama wa mvua juu ya bati. Kwa wakati huo nilikuwa nimeshakata tepe kwa miaka mingi, na naomba nieleze jinsi tulivyokuwa tukikata, kwa maana vijana wanaounga kwa kompyuta hawakuwahi kuliona jambo hili. Utepe wa robo inchi unalazwa kwenye mfereji wa kibao cha chuma na kukatwa kwa wembe mkali, kwa mshazari, ili sauti moja itoke taratibu huku nyingine ikiingia, maana ukikata wima msikilizaji husikia mlio kama wa kugonga. Kisha ncha mbili zinakutanishwa bila kuachana wala kupandana, na kufungwa kwa kipande cha utepe mweupe wa gundi upande wa nyuma, ule usio na sumaku. Rili ya utepe iliyounganishwa hivyo ukiinyanyua kuelekea dirishani unaviona viungo vyote, kila kimoja kikiwa kistari cheupe kati ya hudhurungi. Aliyekuja baada yangu aliweza kuhesabu nimekata mara ngapi na wapi, na kama sikumpendeza aliweza kubandua gundi na kurudisha utepe ulivyokuwa.

Katika kompyuta kistari hicho cheupe hakipo. Programu inaunga kwa ulaini ambao hakuna sikio litakaloukamata, na mara faili linapohifadhiwa likiwa limeunganishwa, hata aliyeunga mwenyewe hawezi tena kujua. Hilo lilinipata mimi. Mwaka 2003, kabla Wilson hajaikamilisha kazi yake, nilitengeneza Smile yangu ya kwanza nyumbani, na katika wimbo mmoja nilikutanisha kipande kutoka kaseti ya kwanza na kipande kutoka ya pili. Kaseti mbili hazikuwa na kasi sawa, kwa hiyo nilipandisha moja ili sauti zilingane, na kwa sababu mvumo wake ulibadilika ghafla pale zilipokutana, niliacha kimya cha chini ya sekunde mbili ili sikio lisahau. Sikuandika popote. Nilichoma CD, nikampa rafiki yangu ambaye ni mwalimu wa kwaya, nikaendelea na mambo mengine.

Miaka mitano baadaye rafiki huyo alinipigia simu kuniambia kwamba ametafakari sana juu ya ule wimbo. "Kaka, huyu mtu alijua kunyamaza," aliniambia. "Pale kabla sauti za pamoja hazijaingia, ananyamaza kidogo, ndipo wanaingia. Nimewafundisha wanakwaya wangu wafanye hivyo katika wimbo wa maingilio." Nilikubaliana naye kwa furaha, nikampongeza, na ni usiku ule, nikiwa nimelala, nilipokumbuka kwamba kimya kile kilikuwa changu. Nilikiweka ili kuficha mvumo wa kaseti. Kwa miaka mitano mtu mwenye masikio mema na elimu ya muziki alikuwa akimsifu Brian Wilson kwa kitu ambacho Wilson hakukitunga, na kwaya nzima ilikuwa ikikiimba kila Jumapili. Asubuhi nilimpigia nikamweleza. Hakukasirika, lakini aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: mle ndani ya CD kuna vingapi vingine vya namna hiyo?

Tangu siku hiyo ninaandika. Ninalo daftari la kurasa ndefu, la aina wanayotumia wenye maduka kuandikia madeni, na kwa kila kiungo ninaandika kipande kimetoka wapi, kinaanzia dakika na sekunde ngapi na kuishia wapi, kasi yake nimeibadilisha kwa asilimia ngapi, nimesafisha mvumo kiasi gani, na kwa nini nimekiweka hapo na si pengine. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mara nyingi nalazimika kuandika kwamba hakuna ushahidi wowote, ni sikio langu tu, na kuandika hivyo kunanizuia kufanya mambo ambayo zamani ningeyafanya bila kufikiri. Smile yangu ya sasa ina viungo 61, na kati yake 23 ni vya sikio langu tu.

Huenda mwandishi akasema kwamba haja ya kazi hiyo imekwisha, kwa kuwa wenyewe wameshamaliza. Ni kweli kwamba Februari 2004 Wilson aliipiga Smile nzima jukwaani katika ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London, akairekodi upya na kuitoa mwaka huohuo. Lakini atazame ilimalizwaje. Darian Sahanaja, mpiga kinanda wa bendi yake, ndiye aliyeingiza vipande vya zamani katika kompyuta ndogo na kwenda navyo nyumbani kwa Wilson ili wavisikilize na kuvipanga pamoja, na Van Dyke Parks akaitwa kukamilisha mashairi. Sahanaja alikuwa shabiki wa vipande hivyo kwa miaka mingi kabla hajawa mwanabendi. Mwaka 2011 zilipotolewa rekodi za asili katika boksi la CD liitwalo The Smile Sessions, watayarishaji waliupanga mfululizo wa CD ya kwanza kwa kufuata mpangilio wa 2004, na wakalisema hilo waziwazi, kisha katika CD nyingine wakaweka vipande vyenyewe vikiwa peke yake, jaribio kwa jaribio, hadi sauti ya Wilson akiwaelekeza wapigaji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi aliyopewa msikilizaji wa roki, kwa sababu aliuziwa jengo pamoja na matofali yake, na Wilson, aliyefariki Juni 2025, aliliona likifanyika akiwa hai.

Tena nisingependa wasomaji wadhani kwamba muhuri wa kampuni unaondoa tatizo ninalolisema. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970 akiwa katikati ya kutengeneza albamu, akiacha nyimbo nyingi na orodha kwa mwandiko wake. Nyimbo hizo zilitawanywa katika albamu kadhaa zilizotoka baada ya kifo chake, na katika Crash Landing ya mwaka 1975 mtayarishaji Alan Douglas aliondoa wapigaji wa asili katika sehemu nyingi na kuwaweka wapigaji wengine wa kukodiwa, ambao hawakuwahi kupiga na Hendrix. Hiyo ilikuwa bidhaa halali, yenye nembo na risiti. Mashabiki waliokuwa na nakala za rekodi za awali ndio walioweza kutofautisha gitaa lake lililopigwa pamoja na wenzake na gitaa lake lililozungukwa na wageni, na ilipofika 1997 familia yake ilipotoa First Rays of the New Rising Sun, mpangilio mmoja unaokaribia alichokusudia, kazi hiyo ilikuwa imeshajadiliwa na wasikilizaji kwa robo karne. Nikilinganisha Crash Landing na shabiki anayepanga rekodi zilezile bila kuongeza hata mpigo mmoja, naona shabiki ndiye aliyemheshimu marehemu.

Zipo nyingine ambazo sitazikalia. Lifehouse ya Pete Townshend na bendi yake ya The Who ilivunjika mwaka 1971, nyingi ya nyimbo zake zikaingia katika albamu ya Who's Next na nyingine zikatoka moja moja katika miaka iliyofuata, kwa hiyo anayeiunga anatumia zaidi rekodi zinazouzwa madukani. Get Back ya Beatles, iliyorekodiwa Januari 1969, fundi wa sauti Glyn Johns aliipanga mara mbili na kukataliwa mara zote mbili, ikatoka Mei 1970 kwa jina la Let It Be baada ya Phil Spector kuongeza okestra na kwaya katika baadhi ya nyimbo, mwaka 2003 ikatolewa bila nyongeza hizo, na mwaka 2021 mpangilio wa Johns nao ukauzwa ndani ya boksi. Mambo hayo yote yalifanywa na wenye mali, na bado ni vigumu kumwambia mtu ni ipi kati yake ndiyo albamu.

Sasa nije pale ninapokubaliana na mwandishi. Kuna kazi iliyokwama na kuna kazi iliyoondolewa, na tusizichanganye. Wilson alikwama. Mwanamuziki Prince, kwa upande wake, Desemba 1987 aliamuru nakala za The Black Album zilizokwisha kutengenezwa ziharibiwe ikiwa imebaki takriban wiki moja zitoke, na akakubali itolewe rasmi mwaka 1994 tu. Katika miaka hiyo kati ilikuwa ikinakiliwa duniani kote. Nisingeinakili, na sikuinakili nilipopewa nafasi, kwa sababu mtu mzima mwenye akili zake alisema hapana. Neil Young naye aliiweka kando Homegrown, aliyoirekodi mwaka 1974 na 1975, kwa kuwa ilihusu maumivu yaliyokuwa bado mabichi, na alipoitoa mwenyewe Juni 2020 aliwaomba radhi wasikilizaji kwa kuwacheleweshea. Katika albamu hiyo mashabiki walikuwa wamekisia nyimbo na mfuatano wake kwa miaka, na ya kweli ilipofika, saba kati ya nyimbo 12 zilikuwa hazijawahi kutolewa. Wale walioandika kwamba wanakisia hawakupoteza chochote siku hiyo. Walioyatangaza makisio yao kuwa albamu halisi walikuwa na mengi ya kufuta.

Kuhusu sheria, nakubaliana naye pia, na kwa hilo nimebadilisha mwenendo wangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 hapa Uganda inampa mwenye rekodi mamlaka juu ya kunakiliwa na kusambazwa kwake, na haisemi kwamba sauti ikiunganishwa kwa mapenzi inakuwa ya aliyeunga. Simpi mtu sauti tena. Ninampa kurasa za daftari. Anayetaka Smile kama ninavyoisikia mimi anunue boksi la 2011, afungue programu ya kukatia sauti, afuate mistari yangu 61, na baada ya jioni tatu au nne atakuwa nayo, na pale asipokubaliana nami ataona ni mstari upi wa kuubadilisha. Vijana wawili wa hapa Nsambya wameshafanya hivyo, na mmoja wao alinirudishia ukurasa wenye masahihisho manane ambayo sita nimeyakubali.

Ninalisisitiza jambo hili la kuandika kwa sababu zana zimebadilika kwa haraka. Mwaka 2023 Beatles walitoa wimbo wa Now and Then kwa kutumia kaseti ya nyumbani ya marehemu mwenzao John Lennon ya miaka ya sabini, baada ya akili mnemba kutenganisha sauti yake na piano iliyokuwa ikiifunika, kazi iliyowashinda katika miaka ya tisini. Hilo nalipongeza, kwa kuwa kilichosikika ni kile alichoimba. Lakini zana za jamii hiyohiyo sasa zinaweza kumfanya marehemu aimbe ubeti ambao hakuwahi kuuimba, na nimeshasikia albamu zilizoachwa ambazo mianya yake imezibwa hivyo, kwa sauti inayofanana na ya mwenyewe kiasi kwamba nilisikiliza mara tatu kabla sijashtuka. Aliyezitengeneza hakuandika neno. Kama kimya changu cha sekunde mbili kiliweza kuipotosha kwaya kwa miaka mitano, ubeti mzima utapotosha watu wangapi, na kwa muda gani?

Thamani ya karatasi niliijua kazini mapema, ila sikuielewa. Katika kituo nilichofanyia kazi kanda mpya zilikuwa adimu, na rekodi ya bendi ikishachezwa hewani mara kadhaa, rili yake ilifutwa ili irekodiwe hotuba. Nilifuta nyingi kwa mikono yangu, kwa amri. Ndani ya boksi ilibaki kadi yenye tarehe, majina ya nyimbo na urefu wake kwa dakika na sekunde, na nilipokuwa nikiondoka nilichukua kadi moja iliyokuwa ikienda kutupwa, ya bendi iliyokuwa ikipiga dansi Jinja, nyimbo sita. Miaka michache iliyopita jamaa wa mpiga besi alinipata, akaniletea kaseti ambayo mtu alirekodi kutoka redioni usiku nyimbo hizo zilipochezwa. Nyimbo zilikuwa zimepangwa ovyo na mwimbaji alisikika kama mtoto. Kwenye kadi, wimbo wa tatu ulikuwa wa dakika 4 na sekunde 12, na kwenye kaseti ulichukua dakika 3 na sekunde 58. Tofauti hiyo ni karibu asilimia sita, yaani takriban nusu toni. Nikaipunguza kasi kwa kiasi hicho hasa, nikapima nyimbo nyingine tano na zote zikaangukia sekunde zilizoandikwa, nikazipanga kwa kufuata kadi, na mwimbaji akarudi kuwa mtu mzima. Sikukisia hata mara moja. Aliyeijaza kadi ile, ambaye sikuwahi kumjua, alinionyesha kila kitu.

Kadi ninayo, na daftari la Smile ninalo. Mwandishi wa makala akipenda kuviona kabla hajaandika tena juu ya jambo hili, anwani yangu iko ofisini kwenu, na nitafurahi kumpokea siku yoyote baada ya saa nne asubuhi.

Fundi mitambo mstaafu,
Nsambya, Kampala